Muulize Fundi: Wafuasi 387 na Penseli Moja

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza kuhusu Instagram. Mimi ni fundi saa, na tangu 2014 nina ukurasa ninapoonyesha saa kuukuu ninazozifufua. Haya ninayojibu nimeyajifunza nikiwa na kibano mkono mmoja na simu mkono wa pili.

*Shikamoo Fundi. Nachora nyuso za watu kwa penseli. Ukurasa wangu una miezi 14 na kila siku naweka mchoro mmoja bila kukosa. Nina wafuasi 387, nusu yao ndugu na watu niliosoma nao. Wapo wachoraji ambao, nasema bila husuda, hawanizidi mkono, lakini wafuasi wao ni makumi elfu. Rafiki yangu ananishauri ninunue wafuasi 10,000 ukurasa uonekane wa maana, kisha wa kweli watakuja wenyewe. Ninunue? Na kama sivyo, nifanye nini?*
*Mchora Nyuso*

Marahaba, mwanangu. Usinunue.

Nakukataza kwa sababu mimi nilinunua. Mwaka 2016 nilikuwa na wafuasi 300 na kitu, nikamlipa mtu akaniongezea 5,000 kwa usiku mmoja. Asubuhi nilifurahi hata nikampigia dada yangu simu. Furaha ile ilifika mwisho nilipoweka picha iliyofuata. Kabla ya kununua nilikuwa napata laiki 60 hivi. Picha ile ilipata 19.

Hapo zamani picha zilipangwa kwa saa zilipowekwa: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuonekana. Mwaka ule ule wa 2016 Instagram ilianza kuzipanga kwa kukisia kila mtu atapenda kuona nini. Ukiweka kitu sasa, wanaokiona mapema hupimwa: wamesimama? Wametazama hadi mwisho? Wamemtumia mwenzao? Mimi nilikuwa nimejaza ukumbi watu wasio na macho. Kazi yangu ikipelekwa mbele yao, hakuna anayesimama, na mfumo unaona haina mvuto, basi haupeleki mbali zaidi. Ilinibidi niwaondoe mmoja mmoja, yale majina yenye mkia wa tarakimu na wasifu mtupu, jioni baada ya jioni kwa miezi minne. Kampuni yenyewe nayo hufagia. Desemba 2014 ilifuta akaunti feki kwa wingi hadi watu maarufu wakapoteza wafuasi kwa mamilioni, na Novemba 2018 ikatangaza kuwa itaondoa laiki, komenti na wafuasi wanaoletwa na programu za kujiongezea umaarufu. Rafiki yako anakutakia mema, ila anakupeleka nilikotoka.

Sasa tuje kwako. Nimefungua ukurasa wako na kuupitia kutoka juu hadi mchoro wa kwanza kabisa. Mkono unao, tena mkono mzuri. Yule bibi mwenye kilemba, ule uzi mmoja uliochomoka kwenye upindo, nimeutazama mara tatu. Kilichonisikitisha ni kwamba katika picha 420 hivi sikukuona wewe hata mara moja. Kila mchoro umekamilika, umelazwa mezani, umepigwa picha kutokea juu chini ya taa ya darini, na kivuli cha simu yako kimeangukia kwenye paji la uso la kila mtu uliyemchora. Maelezo ya chini ni yale yale: "Kazi mpya."

Isipokuwa mmoja. Utafute, uko kama miezi mitano nyuma: uso wa mzee, jicho la kushoto limekwisha, la kulia bado ni duara tupu, na mabaki ya kifutio yametapakaa shavuni. Uliandika, "Hapa ndipo huwa nakwama. Jicho la pili hukataa kutazama upande mmoja na la kwanza." Pale pana komenti 41. Kwingine kote hazizidi tano. Zisome tena zile komenti. Mtu anakueleza namna anavyogeuza karatasi juu chini ili jicho lisimdanganye. Mwingine anasema yeye aliacha kuchora kwa sababu ya jicho la pili. Wale ndio watu wako, na walikuja siku uliyowaacha waingie chumbani.

Nami yalinipata hayo hayo. Kwa miaka mitatu nilionyesha saa zilizokwisha kung'arishwa, zinapendeza, na watu wakipita. Siku moja nikaweka simu juu ya rundo la vitabu, nikajirekodi nikirudisha kile kigurudumu kinachoyumba ndani ya saa ya mkono iliyokuwa imekufa. Sekunde kumi na moja tu. Kibano kinaingia, kigurudumu kinakaa, kinasita kidogo, halafu kinaanza kwenda: mipigo mitano kila sekunde, 18,000 kwa saa, kama ilivyo kwa saa nyingi za zamani. Sikuweka muziki, nikaacha mlio wenyewe usikike. Walioniandikia baada ya ile video, wengi walikuwa na saa ya baba au babu droo ya chini, imekaa bila kuguswa. Walikuwa wakiitumiana ndugu kwa ndugu: "Unakumbuka ile saa ya mzee?"

Hilo la kutumiana lishike. Januari 2025 Adam Mosseri, anayeiongoza Instagram, alitaja vitu vitatu vyenye uzito mkubwa: muda mtu anaotazama, laiki, na mara ngapi kitu kinatumwa kwa mtu mwingine. Laiki zina nguvu zaidi kwa watu ambao tayari wanakufuata. Kutumwa kuna nguvu zaidi kwa wale wasiokujua bado, na wewe unawatafuta hao wasiokujua. Kwa hiyo kabla hujaweka chochote, fikiria mtu mmoja na jina lake, na mtu ambaye huyo atamtumia. Mchoro uliokamilika watu huusifia na kupita. Lakini mchoro wa jicho linalokataa, mchoraji mmoja atamtumia mchoraji mwenzake, "Kumbe si sisi peke yetu."

Acha kuweka kila siku. Najua nidhamu hiyo imekugharimu, na nidhamu hiyo hiyo uihamishie kwenye kazi mbili kwa wiki zilizofikiriwa vizuri. Ondoa meza chini ya taa, isogeze dirishani, mwanga uje kutoka ubavuni. Hapo ndipo karatasi itaonyesha chembechembe zake na penseli itaonyesha pale ulipoibonyeza. Zima taa ya ndani kabisa, maana rangi mbili za mwanga zinapigana. Video ianze mkono ukiwa tayari unafanya kitu. Usianze na karatasi tupu, wala jina lako, wala salamu, kwa sababu kidole cha mtazamaji hakisubiri. Na kama unataka kuonyesha hatua kwa hatua, zipange picha kadhaa katika chapisho moja, mtu azipitishe kwa kidole moja baada ya nyingine. Tangu Agosti 2024 zinaingia hadi 20, ingawa mimi sivuki saba.

Maelezo yana nafasi ya herufi 2,200, lakini mtu huona mstari wa kwanza tu mpaka abonyeze. Mstari huo uandike kama ulivyoandika kuhusu jicho: kitu kimoja, cha kweli, kinachokusumbua. Kisha jibu kila anayekujibu. Nikiwa na wafuasi wachache kama wewe, nilitenga nusu saa baada ya kila chapisho kwa ajili ya kujibu tu, na siyo kwa "asante sana" na kikopa. Nilikuwa nauliza: saa yako ni ya kamani, ile springi ya kuzungushwa, au ya betri? Ilisimama lini? Watu hurudi walikoulizwa swali.

Jambo la mwisho kwako: badilisha akaunti iwe ya kitaalamu, ni bure, uweze kuona takwimu zake. Ukizifungua usikimbilie idadi ya wafuasi. Angalia ni wangapi waliokuona bila kuwa wafuasi wako, na video zako zinatazamwa kwa wastani wa sekunde ngapi. Niandikie baada ya miezi mitatu uniambie tarakimu hizo mbili tu. Nitazisubiri kwa hamu.

*Fundi, ni saa ngapi nzuri ya kuposti? Na niweke alama za reli (#) ngapi?*
*Mwenye Haraka*

Saa nzuri ni ile ambayo wafuasi wako wako macho na wewe una nafasi ya kukaa nao. Takwimu za akaunti ya kitaalamu zinaonyesha siku na saa wanazoingia. Lakini kwa kuwa mpangilio si wa saa tena, chapisho zuri la usiku wa manane linaweza kuonekana kesho kutwa, na chapisho dhaifu halitaokolewa na saa.

Alama za reli, weka tatu au nne zinazotaja hasa kilichomo. Nguvu zake zimepungua. Desemba 2024 Instagram iliondoa hata uwezo wa mtu kuifuata alama kama anavyofuata ukurasa. Kinachosaidia zaidi ni maneno ya kawaida ndani ya maelezo na kwenye jina la wasifu, kwa sababu watu wanatafuta kwa maneno. Andika "fundi saa" mahali panapoonekana, na anayetafuta fundi saa atakupata.

*Fundi, natengeneza mabegi ya ngozi kwa mkono. Miezi minne iliyopita paka wangu aliingia ndani ya begi nililokuwa nashona, akalala. Video ile imetazamwa zaidi ya mara 800,000 na wafuasi wangu wakaruka kutoka 900 hadi 7,400. Tangu hapo nikiweka begi, kimya. Komenti zinazokuja ni "Paka yuko wapi?" Nimekata tamaa kuliko nilipokuwa na 900.*
*Mshona Ngozi*

Dada yangu, pole, na usijilaumu. Hawa 6,500 hawakukudanganya. Walipenda paka, wakafuata paka. Sasa kila ukiweka begi linapita mbele ya watu wa paka, wao wanasogea, na wale ambao wangelipenda hawafikiwi.

Paka akija tena mezani kwa hiari yake, mrekodi, maana ni sehemu ya karakana yako. Ila usimtafute. Ukianza kumwekea begi ili alale, baada ya mwaka utakuwa mtu wa paka, na ngozi uliyoipenda itabaki rafuni.

Kwanza panga mlango wako. Instagram inakuruhusu kubandika machapisho matatu juu kabisa ya ukurasa. Video ya paka isiwe mojawapo. Bandika begi lililokwisha, mkono wako ukipitisha uzi uliopakwa nta, na begi lililorudi baada ya miaka likiwa limebadilika rangi kwa kushikwa. Wasifu una herufi 150 tu, kwa hiyo neno "ngozi" lije mapema. Kisha tumia zile video za majaribio zilizoanza Desemba 2024: unaiweka video, nayo inaonyeshwa kwanza kwa watu wasiokufuata. Kwa shida yako hasa ndiyo dawa ninayoiamini, kwa kuwa begi linapimwa na wageni badala ya watu waliokuja kwa paka. Ukiona imepokelewa vizuri, ifungulie wote.

Baadhi watakuacha. Hesabu itashuka, na utaumia kuiona ikishuka. Waache waende. Wale 900 wa mwanzo bado wamo humo ndani, na nina hakika kati yao wapo wanaokumbuka begi lako la kwanza. Waandikie hao.

*Fundi, nina mfuasi asiyeona. Aliniandikia kwamba rafiki yake humsomea picha zangu za ndege. Nimeguswa sana. Kuna namna ya kumrahisishia?*
*Mpiga Picha za Ndege*

Ipo, na nimefurahi kuliko maswali yote ya mwezi huu. Tangu Novemba 2018 Instagram ina sehemu ya kuandika maandishi mbadala, ambayo programu ya kusoma skrini humtamkia asiyeona. Unapoweka picha, kabla ya kubonyeza kuchapisha, ingia kwenye mipangilio ya ziada utaikuta. Picha za zamani nazo unaweza kuzihariri uongeze. Usipoandika, mfumo hukisia wenyewe, na mara nyingi hukisia kitu kama "huenda ni picha ya ndege," basi.

Andika kile ambacho rafiki yake angemwambia. Ndege gani, amekaa juu ya nini, anafanya nini, mwanga unatoka wapi. Sentensi mbili zinatosha. Picha yangu ya juzi niliiandikia hivi: "Saa ya mfukoni imefunguliwa mgongo, juu ya kitambaa cheusi. Kamani imelegea na kujikunjua nje ya kikombe chake kama utepe, na ncha yake imekatika."

Anza na picha tisa za juu, halafu mwandikie umwambie aanzie hapo.