Kwa mnaoanza kuisoma MYD88: ulizeni inamshika nani

Wadogo zangu mnaoanza baiolojia ya seli hapa Mwanza, kuna protini moja inayowakwamisha wanafunzi wapya wengi: MyD88. Wanauliza inafanya kazi gani, wakitegemea jibu kama la vimeng'enya, kwamba inakata kitu au inabandika fosfeti. Haifanyi lolote kati ya hayo. Pale mwaloni Kirumba utamkuta dalali asiye na mtumbwi, wavu wala mizani, lakini bila yeye mvuvi na mnunuzi hawakutani. MyD88 ni protini adapta, na dalali ndiye wa kufikiria. Ukikutana na adapta yoyote, uliza kwanza: imemshika nani, na kwa sehemu ipi ya mwili wake?

Anza na umbo. MyD88 ina asidi amino 296, na jeni yake iko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 3. Upande mmoja una sehemu iitwayo TIR, inayoshika mkia, ulioingia ndani ya seli, wa kipokezi cha kinga kinachotambua vijidudu. Upande wa pili una domeni ya kifo (death domain), sehemu ya kushikana na protini nyingine, inayomvuta IRAK4. Huyu IRAK4 sasa ndiye kimeng'enya. Mwaka 2010 umbo la mkusanyiko huo lilionekana wazi: MyD88 sita, IRAK4 nne, na nne za ndugu yake IRAK2. Kutoka hapo ishara husafiri hadi protini NF-kappa B iingie kwenye kiini na kuamsha jeni za uvimbe wa kinga (inflammation).

Usikariri mnyororo huo ukiwa hewani. Chukua ugonjwa unaoujua, mfano homa ya matumbo, uchore kwa mkono. Ganda la bakteria wake hutambuliwa na TLR4, mkia wake wa kuogelea na TLR5; TLR ni familia ya vipokezi vya kinga. Vipokezi vyote viwili humtumia MyD88. TLR4 ina njia nyingine pia, kupitia adapta TRIF. TLR3 haimhitaji MyD88 kabisa. Kisha ongeza kipokezi cha IL-1 (interleukin-1, protini ya ishara ya kinga), ambacho wengi hukisahau. Nacho hupitia MyD88, na IL-1 ni mojawapo ya vitu vinavyoleta homa.

Hapo ndipo napenda mtulie, kwa sababu panagusa wodi. Mwaka 2008 ilielezwa habari ya watoto tisa waliozaliwa bila MyD88 inayofanya kazi. Walishambuliwa mara kwa mara na bakteria wa usaha, hasa Streptococcus pneumoniae, Staphylococcus aureus na Pseudomonas, na baadhi yao walifariki. Watoto wa aina hii wanaweza kuwa na maambukizi makali huku homa ikiwa ndogo au ikichelewa. Ukiuelewa mchoro wako, hutashangaa: njia ya IL-1 imekatika. Waliovuka utoto hali zao ziliimarika.

Sasa linganisha na panya. Panya wa maabara wasio na Myd88 hudhurika na vimelea vya aina nyingi sana: bakteria, virusi, fangasi na protozoa. Binadamu wenye upungufu huohuo udhaifu wao ni mwembamba zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuandika kwenye ripoti kwamba "MyD88 hulinda dhidi ya" ugonjwa fulani, angalia jaribio lilifanywa kwa nani. Nasisitiza hili kuliko mengine yote, maana sisi tunasomea kuhudumia watu.

Majina nayo yana utaratibu. Jeni ya binadamu ni MYD88, herufi kubwa zote na mlazo. Ya panya ni Myd88. Protini ni MyD88. Kwenye saratani mtakutana na badiliko L265P (lusini ya nafasi ya 265 imegeuka prolini), linaloonekana kwa takribani wagonjwa tisa kati ya kumi wa Waldenström, saratani ya seli za damu. Makala nyingine huliita L252P. Ni badiliko lilelile, hesabu ya asidi amino imeanzia kwenye nakala tofauti ya mfuatano, basi kila mara andikeni namba ya nakala mliyotumia.

Kwenye hifadhidata ya NCBI jeni hii ni namba 4615, na kwenye UniProt, hifadhidata ya protini, ni Q99836. Pakueni mfuatano mapema intaneti ikiwa nzuri, muuweke kwenye kompyuta, kisha tafuteni wenyewe TIR inaanzia wapi.