Rauta ya Pili Bila Modi Sahihi ni Kuongeza Matatizo

Wengi wanaoniita hapa Bagamoyo huwa wameshanunua rauta ya pili. Ya kwanza iko sebuleni, vyumba vya nyuma havipati kitu, basi wanachomeka nyingine na mambo yanazidi kuharibika. Mara nyingi kifaa ni kizima, ila modi yake, yaani namna kilivyopangwa kufanya kazi, siyo sahihi.

Chukua nyumba moja ya wageni pale Mji Mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama nusu mita. Fundi aliyetangulia alivuta waya hadi tundu la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje) la rauta ya pili, akaiacha kwenye modi ya rauta. Wageni wa nyuma intaneti walipata. Lakini kompyuta ya mapokezi ikawa haiioni kabisa printa ya ofisi ya nyuma, kwa sababu kila rauta ilikuwa inagawa anwani zake, yaani namba za kutambulisha vifaa kwenye mtandao: mbele 192.168.1, nyuma 192.168.0. Mitandao miwili ndani ya nyumba moja! Niliibadili ya nyuma iwe modi ya aksesi pointi, printa ikaonekana. Katika modi hiyo kifaa hakigawi anwani wala hakijifanyi mkuu wa mtandao. Kinasambaza waifai tu. Kama rauta yako ni ya zamani na haina modi hiyo, ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, zima DHCP (huduma ya kugawa anwani), kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), siyo la WAN.

Ripita, inayopokea waifai na kuirusha tena, inapendwa kwa kuwa haitaki waya. Mimi siipendi. Yenye redio moja hupokea na kurusha kwa zamu kwenye chaneli ileile, hivyo kasi hushuka karibu nusu. Halafu watu huiweka kwenye chumba kilekile ambacho mawimbi hayafiki. Sasa itarudia nini? Kama ni lazima uitumie, iweke katikati, mahali ambapo simu bado inashika vizuri.

Modi ya klaienti ni kwa kifaa kisicho na waifai, kama kompyuta ya mezani: rauta ndogo inapokea hewani, inatoa kwenye waya. Briji ni ya kuvusha mtandao hadi jengo la pili, antena mbili zikitazamana bila mti katikati.

Meshi ndiyo inayoulizwa sana siku hizi. Vituo kadhaa, jina moja la waifai, na vyenyewe vinachaguliana njia. Kiwango cha pamoja cha meshi, 802.11s, kilitoka mwaka 2011, lakini seti nyingi za nyumbani hufuata utaratibu wa kampuni husika, kwa hiyo usichanganye chapa ukitegemea vitaelewana. Na ukuta wa matumbawe haujui kama umenunua meshi. Waifai ya gigahezi 5 inachoka mapema ukutani, ya 2.4 inajitahidi kidogo. Kila mawimbi yanaporuka kutoka kituo hadi kituo, kasi inapungua, labda seti iwe na redio ya ziada kwa mawasiliano ya vituo peke yake.

Ushauri wangu kwa nyumba za huku: vuta waya hadi kila kituo, hata kama ni meshi. Waya wa mtandao wa daraja la Cat 6 unafika mita 100 bila shida. Upitishe ndani ya bomba la plastiki chini ya paa, maana hewa ya chumvi hula plagi zilizo wazi. Aksesi pointi zikiwa tatu, kwenye 2.4 zipe chaneli 1, 6 na 11.