Maswali ya Wakimbiaji: Kushuka Katonga, Kupanda Mwanga

Swali: Ndugu wahariri, ninaishi Mwanga, hapa Kigoma. Kwa miezi minne nimekuwa nikikimbia kilomita 5 kwenye barabara ileile ya kwenda Ujiji, mara tatu kwa wiki, kwa dakika 35 hivi. Sasa nataka kugeukia upande wa ziwani: nishuke mjini, nipite Bangwe hadi Katonga. Nianzeje nisiishie njiani?
*Msomaji, Mwanga*

Jibu: Umechagua vizuri, na hatudhani utaijutia njia hiyo. Ila tambua jambo moja: Mwanga iko juu, ziwa liko chini. Ukitoka nyumbani unateremka Barabara ya Lumumba hadi stesheni ukiwa mwepesi kama unayesukumwa mgongoni. Mlima wote unabaki wa kurudia, wakati miguu imechoka na jua limeanza kuchoma. Mkimbiaji mpya hujiona hodari kwenye mteremko, akaongeza kasi, na deni hilo akalilipa baadaye akipanda.

Kwa hiyo siku ya kwanza hesabu dakika, usihesabu kilomita, na dakika zenyewe usizigawe nusu kwa nusu. Katika zile 35 zako, nenda 15 kisha geuka, hata kama Katonga hujaiona. Ishirini zilizobaki ni za kupanda. Kila wiki ongeza dakika 3 za kwenda na 4 za kurudi. Kwenda na kurudi Katonga ukitokea Mwanga ni zaidi ya mara mbili ya kilomita zako 5, hivyo usilazimishe kufika mwezi huu. Kama hamu imekuzidi, panda bodaboda hadi stesheni uanzie hapo, mlima uuache kwa siku nyingine.

Kabla ya kuikimbia, itembelee njia hiyo mara moja kwa mguu au kwa bodaboda, saa ileile utakayokimbia. Angalia ukingo wa barabara unapokwisha ghafla, mbwa wanapofunguliwa, duka linalofungua mapema la kununua maji, na makorongo yaliyochimbwa na mvua kwenye vijia vinavyoshuka ufukweni. Vijia hivyo vina changarawe inayoviringika chini ya kiatu, na vifundo vingi vya mguu huteguka hapo, hasa ukiteremka huku macho yako yako ziwani. Ukitaka kutazama milima ya Kongo ng'ambo, simama uitazame.

Saa ya kutoka nayo ina hesabu yake huku. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu huchelewa kwa takriban dakika 40 kuliko la Dar. Mwezi wa Julai huchomoza karibu saa 1:10 asubuhi, na saa 12:30 bado ni giza. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza kama saa 12:37. Ratiba za mazoezi zinazokuambia utoke saa 11 alfajiri hazikuandikwa kwa ajili ya barabara ya Katonga. Subiri uweze kuona jiwe lililo hatua kumi mbele yako.

Kimbia upande wa kulia ili magari na bodaboda uzione zikija. Kwenye kona kali iliyobanwa na kilima, vuka kwanza uende upande wa nje, kwa sababu dereva hawezi kukuona. Asubuhi, dagaa wakishapakuliwa mwaloni, yaani ufukweni zinapotia nanga mitumbwi ya wavuvi, bodaboda zenye ndoo na mabeseni huwa na haraka kweli. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, maana taa zao hazivuti samaki vizuri, na barabara huwa tulivu zaidi. Siku hizo ndizo nzuri za jaribio la kwanza. Ukifika mwaloni, acha kukimbia, tembea. Dagaa huanikwa mchangani na kwenye vichanja, na vumbi la miguu yako linatua kwenye chakula cha watu.

Ukipanda Lumumba, fupisha hatua zako hadi karibu nusu, usikunje kiuno. Ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kukatiza pumzi, tembea dakika 1, kimbia 2, rudia hivyo mpaka juu. Na usipoze miguu kwenye maji yaliyotulia penye matete: kuna kichocho.

Swali: Tangu nianze kukimbia njia zenye miteremko, kucha za vidole gumba vya mguu zimekuwa nyeusi. Kesho yake mapaja ya mbele yanauma hata kukaa kwenye kigoda ni kazi. Ni raba za mtumba?
*Msomaji, Ujiji*

Jibu: Umtumba wake hauna kosa kama zinakutosha. Kwenye mteremko mguu huteleza mbele, ukucha ukagonga ncha ya kiatu, damu ikavilia chini yake. Unahitaji nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Jaribu raba jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo.

Kisha funga kisigino kisicheze. Kila ncha ya kamba irudishe kwenye tundu la mwisho la upande uleule, kutoka nje kwenda ndani, ukiacha kitanzi kidogo. Pitisha ncha ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto, ya kushoto kwenye cha kulia, vuta kuelekea chini, ndipo ufunge. Kucha zikate kwa mstari ulionyooka. Ukucha ukianza kupwita, nenda zahanati, usiutoboe mwenyewe.

Mapaja huuma kwa sababu misuli yake inafanya kazi ya breki huku ikivutwa. Maumivu hayo hukolea siku ya pili au ya tatu, na hupungua miteremko inayofuata mwili ukizoea. Piga hatua fupi za harakaharaka, mguu utue chini ya mwili, usiunyooshe mbele. Lakini maumivu ya sehemu moja kwenye ugoko, yanayozidi ukibonyeza na kuendelea hata ukipumzika, ni jambo jingine kabisa. Acha kukimbia, umwone daktari, kwani huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Swali: Mvua zikianza, naweza kukimbia kando ya ziwa?
*Msomaji, Kibirizi*

Jibu: Mvua tupu haina neno. Radi ndiyo hatari. Ukiona mwako, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zisipofika 30, ondoka ufukweni uingie kwenye nyumba ya kuta au ndani ya gari. Kibanda cha makuti hakikingi, na chini ya mwembe ndipo pabaya zaidi. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke.