Ukungu kwenye hema la turubai la mtumba

Ndugu, kabla ya kuosha hilo hema ulilonunua na madoa yake meusi, shika turubai penye doa ulivute kwa mikono miwili. Likichanika, nyuzi zimeshaoza. Mpelekee fundi akate, aweke kiraka. Likihimili, litundike juani, vaa barakoa, lisugue kwa brashi laini likiwa kavu. Ukianza na maji, vumbi la ukungu linazama ndani ya nyuzi. Kisha paka siki nyeupe, kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji, liache likauke.

Jiki usiiguse kabisa: inakula pamba na uzi wa mishono. Sabuni ya unga nayo huondoa dawa ya kuzuia maji.

Weusi kidogo unaweza kubaki. Usilikunje mpaka mapindo na mishono vikauke kabisa. Mwenye pumu asiifanye kazi hii.