Usitume hiyo orodha! Kunguru wa Goma hatambuliwi kwa mkia

Mdogo wangu, acha kwanza. Usitume kitu leo usiku. Umeandika kwamba unaona "kunguru mkubwa wa milimani" pale Himbi, mtaa wetu wa Goma, karibu kila asubuhi, kwamba umemtambua kwa mkia uliochongoka katikati, na kwamba unataka kumwingiza kwenye programu ya simu ya kuorodhesha ndege. Ukauliza pia sauti zao zinatofautianaje, darubini gani inafaa kwa mtu asiye na pesa nyingi, na saa ngapi nzuri ya kutoka. Sawa. Ila nilipofika kwenye neno "mkia" nilisimama hapo hapo.

Huo mkia umeutoa kwenye video, usinidanganye. Mkia uliochongoka ni kunguru mkubwa, mkia wa duara ni kunguru wa kawaida, kwisha. Na ni kweli kabisa, huko kwao! Yule wa kwenye video anamsema Corvus corax, ndege wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, ambaye kusini mwa Sahara haishi hata mmoja. Anamlinganisha na kunguru wa Marekani, ambaye hajawahi kupita Birere hapa mjini hata kwa kupotea njia. Sisi hapa tuna wawili wengine: kunguru wa mjini, Corvus albus, anayegombania takataka na mwewe, na kunguru shingo-nyeupe, Corvus albicollis, wa miamba na milima. Sasa sikiliza balaa lenyewe: huyu wa milimani, ambaye ndiye unamtafuta, mkia wake ni mfupi na mabawa yake ni mapana. Wa mjini ndiye anayeonekana na mkia mrefu. Tena ndege yeyote akiwa anabadilisha manyoya, mkia unachukua umbo unalotaka, hata herufi ya jina lako.

Mimi haya sikuyasoma mahali, niliyalipia. Nilipewa kazi ya kuandika ndege upande wa kaskazini ya mji, malipo baada ya orodha kupokelewa. Kabla ya hapo tulikaa kwenye semina ya bwana mmoja mwenye kalamu nyingi mfukoni, akatufundisha mkia, akachora mkia ubaoni, akatupa na cheti. Cheti! Ninacho mpaka leo, kinafunika mtungi wa maji. Bwana yule hakuwahi kutuambia michoro yake ilikuwa ya ndege wa bara lingine. Sijui kama mwenyewe alijua.

Basi nikaenda zangu Buhene, pale lava ya volkano ya Nyiragongo ya Mei 2021 iliposimama. Juu ya jiwe jeusi, kunguru peke yake, amenipa mgongo. Shingoni nyeupe. Mkia nikauona umechongoka. Nikaandika shingo-nyeupe, moyo unacheza. Kesho tena, na kesho kutwa tena. Niliwajaza kwenye daftari mpaka ungedhani Nyiragongo yote imeshuka kuishi na sisi.

Wenye kazi wakaomba picha. Nikazituma kwa majivuno, hata nikaongeza zile ambazo sikuombwa. Kwenye hizo za nyongeza, ndege yule yule amegeuka: kifua cheupe pe, amevaa singlendi. Kunguru wa mjini, wa kila siku, wa machinjioni. Ingekuwa wamefuta mistari ya kunguru tu ningevumilia. Walisema mtu asiyemjua kunguru, tai zake tutaziaminije? Orodha yote ikatupwa. Nikapewa pesa ya moto, yaani pikipiki, ya kurudi nyumbani, na deni la darubini nikalilipa kwa kuuza simu. Shemeji zangu wananiita Kunguru. Nacheka nao, nifanyeje, na wengine wao hawawezi kutofautisha bata na kuku.

Kwa hiyo shika hili moja: KIFUA KWANZA. Ukimwona kwa nyuma, wote wawili wana weupe shingoni, kwa sababu weupe wa yule wa mjini unazunguka mpaka mgongoni. Hapo ndipo tunapoanguka wote. Ngoja ageuke. Kifua cheupe, ni wa mjini, hata kama ni mkubwa, hata kama kasimama juu ya volkano. Kifua cheusi na weupe uko nyuma ya shingo peke yake, sasa anza kufurahi, halafu tazama mdomo: wa shingo-nyeupe ni mnene, umepinda sana kwa juu, na ncha yake ni nyeupe. Wa mjini mdomo wake ni mwembamba zaidi na mweusi mpaka mwisho. Akipita juu angani ni rahisi zaidi, tazama kifua kwa chini. Makinda ya mjini weupe wao huwa na madoa meusi, lakini upo.

Na usiniambie "lakini alikuwa mkubwa". Corax anaweza kupita sentimita 60, ndiyo maana huko kwao ukubwa unasaidia. Hawa wetu wote wanazunguka 50, wanapishana sentimita chache. Ndege mmoja peke yake juu ya paa utampima na nini?

Sauti, wa milimani anakwaruza zaidi. Lakini kifua, mdogo wangu, kifua.

Hao wa Himbi uliowaandika kwa mkia wafute, au waandike "kunguru" bila kutaja aina, programu inaruhusu na hakuna aibu. Kesho rudi pale pale, piga picha ya mbele, uiweke hapa tuione. Ya mgongo usijisumbue kuipakia, hatutaijibu.