Saudade si huzuni tu

Dada, umeuliza utafsirije neno saudade, kwa kuwa mchumba wako Mreno hukuandikia "tenho saudades tuas" nawe ukadhani ana kinyongo. Hana. Kwa ujumbe wa simu, "nina hamu nawe" inatosha kabisa, nawe mjibu vivyo hivyo.

Ila usiandike "huzuni". Huzuni haina utamu, saudade inao. Ni hamu ya mtu, mahali au wakati uliopita, huku ukijua huenda hautarudi, na bado hutaki kuusahau. Wareno wengi huihusisha na bahari: waume walipanda merikebu, wengine wakapotelea huko. Sikiliza fado, muziki wa Lisbon ulioingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Anza na mwimbaji Amália Rodrigues. Alipofariki mwaka 1999, serikali ilitangaza siku 3 za maombolezo. Huko Cape Verde husema sodade, na aghalabu ni hamu ya waliohama na waliobaki visiwani. Sauti ya Cesária Évora ndiyo iliyoifikisha mbali.

Kuna msemo utakaokufaa: matar saudades, yaani kuiua hamu hiyo kwa kuonana, au hata kwa kula chakula cha nyumbani. Sisi tungesema kukata kiu. (Ajabu, Wareno walituachia maneno meza na leso, lakini neno saudade wakaondoka nalo.) Akikuandikia kwamba anataka kuiua, hapo anazungumzia tiketi ya ndege, si ushairi. Muulize tarehe.