Ukikutana na namba yenye tarakimu 20

Wewe unayeanza nadharia ya namba, chukua hii: 18,446,744,073,709,551,615. Ni 2⁶⁴ − 1, namba kamili kubwa kuliko zote inayoenea katika biti 64 za kompyuta. Wanafunzi wengi wakiiona hukimbilia kikokotoo, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Vikokotoo vingi huonyesha tarakimu kumi hivi za mwanzo, zilizobaki hukatwa. Toa 1 kwenye 2⁶⁴ na kioo hakibadiliki hata kidogo, ilhali hiyo 1 ndiyo inayogeuza kila kitu: 2⁶⁴ haina kigawo tasa isipokuwa 2, na namba inayoitangulia haigawanyiki kwa 2 kabisa.

Tazama kwanza namba imeundwaje, tarakimu zitakuja zenyewe. Vipeo vya 2 huishia na 2, 4, 8, 6, kisha vinarudia. Kwa kuwa 64 inagawanyika kwa 4, 2⁶⁴ inaishia na 6, na namba yetu inaishia na 5. Urefu wake? Logi ya 2 ni 0.30103, zidisha kwa 64 upate 19.27 hivi, basi tarakimu ni 20. Hayo ni ya dakika moja kwa penseli.

Utamu uko kwenye vigawo. Kanuni ya tofauti ya vipeo vya pili, ile ile ya sekondari, inaipasua kuwa (2³² − 1)(2³² + 1). Mabano ya kwanza yanapasuka tena kwa kanuni hiyo hiyo, na tena, mpaka ubaki na 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297. Tano za kwanza ni tasa. Ya mwisho ndiyo yenye kisa.

Mwanahisabati Fermat aliamini namba zote za umbo hilo (2 kwa kipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha kipeo mara mbili, kisha ongeza 1) ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha kwamba 4,294,967,297 inagawanyika kwa 641. Ni yeye pia aliyethibitisha kuwa kigawo tasa chochote cha 2³² + 1 lazima kiwe 64k + 1, k ikiwa namba kamili. Kwa sharti hilo, namba tasa za kujaribu zinaanza 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu, umefika!

Ninachokuomba ufanye kwa mkono wako ni uthibitisho, kwa sababu unafundisha kuliko jibu lenyewe. Angalia kwamba 641 = 5 × 2⁷ + 1, na vilevile 641 = 5⁴ + 2⁴. Kwa ile ya kwanza, ukigawanya kwa 641, 5 × 2⁷ ina baki −1. Pandisha kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ina baki 1. Kwa ile ya pili, 5⁴ ina baki sawa na −2⁴. Iweke mahali pake: −2³² ina baki 1, kwa hiyo 2³² + 1 ina baki 0. Hukuandika popote namba ya tarakimu kumi.

Kigawo kinachobaki ni 6,700,417, nacho ni tasa. Namba yetu basi ina vigawo tasa saba tofauti, na vigawo vyote kwa jumla ni 2⁷, yaani 128.

Ukishaizoea hii, nenda kwenye 2⁶⁷ − 1. Kipeo 67 ni tasa, kwa hiyo mlango ule wa mabano umefungwa. Mwaka 1876 mwanahisabati Lucas alionyesha kwamba namba hiyo si tasa bila kutaja kigawo chake hata kimoja. Vigawo vyenyewe alivileta mwanahisabati Cole mwaka 1903: 193,707,721 × 761,838,257,287. Kabla hujazidisha, toa 1 kwenye 193,707,721 kisha gawanya kwa 134, ambayo ni 2 × 67. Utapata 1,445,580 kamili, wala si bahati: kila kigawo tasa cha 2⁶⁷ − 1 lazima kizidi kigawe cha 134 kwa 1. Thibitisha kwa nini.